Alikimbia siku ya tetemeko. Leo nimkabidhi wodi ya watoto njiti?

Shikamoo Mama,

Mimi ni muuguzi mkoani Kagera, mtu mzima sasa, watoto wangu wawili wako chuo. Hospitali siitaji, na wewe nakuomba usiitafute. Nakuandikia kwa sababu najua ulishika wodi kabla hujashika kalamu, na kwa sababu hapa kazini hakuna ninayeweza kumweleza jambo hili likakosa kufika kantini kabla yangu.

Jumamosi ile ya tarehe 10 Septemba 2016 nilikuwa zamu ya mchana, wodi ya watoto. Idi ilikuwa inakaribia, wazazi wengi walikuwa wameomba ruhusa, wodi ina nafasi. Saa 9:27 alasiri nikasikia mngurumo. Nilidhani ni lori la kahawa linapanda kilima. Mara vichupa vya dawa kwenye toroli vikaanza kugongana, na stendi ya dripu ikaondoka yenyewe kitanda cha pili ikaenda cha tatu. Niliitazama inatembea, akili ikakataa kuniambia ni nini. Ndipo lipu ikaanza kudondoka kutoka ukutani na kabati la dawa likalala kifudifudi.

Zamu ile nilikuwa na binti mmoja aliyeajiriwa mwaka huo huo. Alikuwa kitanda cha dirishani anamwekea mtoto kanula, kile kijibomba cha kupitishia dawa mshipani, mkono wa mtoto kaushika, plasta kaibandika nusu. Aliuachia ule mkono akatoka mlango wa nyuma. Hakupiga kelele, hakugeuka. Mama wa mtoto ndiye aliyemnyakua mwanawe, kanula inaning'inia, damu inachuruzika mpaka kwenye kanga. Mtoto yule yu hai, nimewahi kumwona njiani na sare zake za shule.

Mimi nilibaki, na hapo ndipo penye kisa, Mama. Nilibaki kwa sababu miguu iligoma. Nilichuchumaa kando ya kitanda, nikashika vyuma vyake kwa mikono miwili, nikafumba macho. Sikumkinga mtoto yeyote, sikutoa amri yoyote. Ardhi ilipotulia, walioingia wa kwanza walinikuta nimeshika kitanda chenye mtoto, wakajijazia wenyewe. Wiki iliyofuata, kwenye kikao cha asubuhi, mganga mfawidhi alinisimamisha nikapigiwa makofi. Nilisema asante nikakaa.

Binti naye alirudi. Tena alirudi vumbi likiwa bado hewani. Majeruhi walianza kuletwa kwa pikapu na bodaboda, umeme hakuna, tukawapokea nje uani kwa kuogopa kuta. Alifunga vidonda na kushikilia dripu kwa tochi ya simu mpaka alfajiri, huku simu yenyewe haishiki mtandao na hajui kwao kukoje. Kulipokucha ndipo alipoambiwa nyumba ya wazazi wake imelala chini, wao wametoka salama. Huyo hakupigiwa makofi. Alipewa jina: Sista Mguu Niponye. Mpaka leo wapo wanaomwita hivyo. Hata wanafunzi wanaokuja kwa mazoezi wanalikuta jina na kulitumia, hawajui lilikotoka.

Sasa mimi nasimamia uuguzi upande wote wa watoto. Msimamizi wa chumba cha watoto njiti anastaafu na nimetakiwa kupendekeza mrithi. Kwa kazi, hakuna wa kumfikia yule binti (namwita binti, ni mama wa watoto sasa). Mtoto wa gramu mia tisa anamsoma kwa rangi ya midomo kabla mashine haijalia. Wa pili ni kaka mmoja mtaratibu, mtu wa watu, lakini mshipa wa mtoto njiti ukimshinda bado anamwita huyo huyo binti.

Nilipogusia jina lake tu, wakongwe watatu walinifuata ofisini. Mmoja akaniuliza: "Waitu, utampa vitoto ambavyo hata mama zao hawako pembeni, mtu aliyeachia mkono wa mtoto?" Sikujibu. Jibu nilikuwa nalo, ila lingenianika na mimi.

Nisaidie hapo. Na kuna dogo jingine: lori likipita usiku bado naamka nimeshika ubao wa kitanda, na siku nyingine nahisi sakafu inasogea wakati wenzangu wanakunywa chai hawana habari. Mume wangu anasema yamepita, nisahau. Je, ni ugonjwa?

Muuguzi, Kagera

* * *

Marahaba, mwanangu. Pole, ingawa najua pole yangu imekuja nyuma ya makofi.

Mpendekeze huyo binti. Nimelitanguliza jibu ili yaliyobaki uyasome umetulia.

Tuanze na hao wakongwe watatu, kwa sababu swali lao si la kijinga. Mkono wa mtoto uliachiwa, damu ilimwagika, na mama wa watu alifanya kazi ya muuguzi. Usije ukajibu kwa kusema "halikuwa jambo kubwa". Lilikuwa kubwa. Ninachobishania ni hukumu inayotolewa juu yake, kwamba sekunde zile zinatuonyesha huyu ni mtu wa namna gani.

Hazituonyeshi. Tetemeko lenu lilikuwa la ukubwa wa 5.9, limeanzia kama kilomita 40 chini ya ardhi, na mtikisiko wa namna hiyo huisha kabla dakika haijatimia. Kwa muda huo mtu hakai akashauriana na dhamiri yake. Mwili ukishtuka hivyo una njia zake chache: kukabili, kukimbia au kuganda, na unaishika mojawapo kabla wewe mwenyewe hujaarifiwa. Wewe uliganda, yeye akakimbia. Kama ukuta wa upande wako ndio ungeporomoka, leo tungekuwa tunamsifu yeye kwa akili ya haraka na wewe tungekusomea hitima.

Mimi lilinikuta Kigoma, Desemba 2005, lile la Ziwa Tanganyika la 6.8 lililowaumiza zaidi ndugu zetu wa Kalemie, Kongo, ng'ambo ya ziwa. Nilikuwa nagawa dawa. Daktari wetu mmoja, mtu mzima, mwenye sauti iliyokuwa ikitikisa wodi kuliko ziwa lenyewe, alitokea dirishani. Bahati yake halikuwa na nondo. Tulicheka siku mbili tatu, naye akacheka, akaendelea kuitwa Dokta mpaka anastaafu. Hakuna aliyethubutu kumbatiza jina. Sasa wewe kaa chini ujiulize: mkubwa akikimbia inakuwa kichekesho cha wiki, kwa nini binti wa ajira mpya akikimbia inakuwa jina la maisha? Nadhani wakongwe wako wanajua jibu, maana najua namna manesi tunavyowapokea wageni. Tusidanganyane.

Najua pia nini kiko kwenye simu zao. Kuna ile video ya Gaziantep, Uturuki, Februari 2023, manesi wawili wanakimbilia kwenye mashine za watoto wachanga na kuzishikilia jengo linapoyumba. Kuna ile ya Kamchatka, Urusi, Julai 2025, ardhi imepiga 8.8 na madaktari wako katikati ya upasuaji, wanamshikilia mgonjwa mezani kwa mikono mpaka linapita. Nimezitazama zote mbili, ya Gaziantep nikalia. Lakini Kamchatka ardhi hutikisika kila mara, watu wanakua nayo. Bukoba mwaka 2016 watu walikuwa wanaliogopa ziwa, tangu MV Bukoba ilipozama mwaka 1996. Ardhi hakuna aliyeiwekea mashaka, ingawa mnakaa kando ya bonde la ufa la magharibi kama sisi wa Kigoma. Na kwa kila video ya aliyebaki, kuna vyumba vingapi ambavyo kamera zake hazikurushwa na mtu?

Tena kubaki si sifa kila mahali. Mexico City, Septemba 1985, jengo la Hospitali ya Juárez lilianguka na kuwafukia madaktari, manesi na wagonjwa waliokuwa ndani. Bangkok, Machi 2025, hospitali zilitoa wagonjwa nje, vitanda na machela vikajaa uani, na sijasikia manesi wale wakiitwa waoga. Kutoka au kubaki kunategemea jengo, kunategemea mgonjwa, na kunategemea mlichofundishwa.

Na ninyi mlifundishwa nini? Barua yako ni ndefu lakini hilo halimo. Sioni palipoandikwa "utaratibu wetu ulikuwa hivi, yeye akaukiuka". Nathubutu kusema haukuwepo. Nimefanya kazi hospitali za serikali na za mashirika ya dini. Karatasi za moto zilibandikwa ukutani, za tetemeko sikuwahi kuziona. Binti wa ajira mpya alihukumiwa kwa sheria iliyotungwa baada ya tukio, kantini.

Basi wawekee wote sheria sasa, ili wa kesho ahukumiwe kwa haki. Ardhi inapotikisika hakuna kuhamisha mgonjwa. Unachuchumaa, unakinga kichwa na shingo, unashika kitu kizito kisichoangukiwa na kabati. Mkono ukifika, unafunga breki za kitanda na kumwekea mgonjwa mto kichwani. Kama mtoto yuko mikononi mwako, unachuchumaa naye, unamfunika kwa mwili wako. Mtikisiko ukikoma ndipo unapohesabu wagonjwa, unaangalia kuta na dari, unafunga valvu ya mtungi wa oksijeni unaovuja, na jengo likiwa limepasuka mnatoka kwa utaratibu mpaka mahali pa wazi, mbali na ukuta, kwa sababu mitikisiko midogo hufuata. Nyumba ya tofali za udongo isiyo na mkanda wa zege ni kesi nyingine. Ukiwa hatua mbili kutoka mlangoni na nje ni peupe, toka. Lakini kuta zetu hupenda kuangukia nje, pale pale mkimbiaji anapotokea, na Bukoba mliona wenyewe kuta za matofali zilivyofanya kazi hiyo. Watu wasiopungua 17 walikufa Jumamosi ile, na shule za Ihungo na Nyakato zilibomoka kiasi cha kufungwa.

Utagundua hapo kwamba miguu yako ilipogoma ilifanya karibu na kile kinachofundishwa. Ilibahatika. Ujuzi haukuwepo, wala ushujaa, na nadhani hilo ndilo linalokukaba kila wakisema jina lake mbele yako.

Na lile kabati la dawa, kama bado limesimama kwa neema tu, lipigwe bolti ukutani. Mitungi ya oksijeni ifungwe mnyororo. Mashine za watoto njiti zilale zimefungwa breki, zisikae chini ya rafu yenye chupa. Fundi wa hospitali anaimaliza kazi hiyo siku moja. Halafu fanyeni zoezi, mchana, zamu zote, hata kama watu watacheka. Aliongoze huyo binti. Ndiye anayejua kuliko wote nini hutokea mtu asiyefundishwa anapopambana na mlango wa nyuma.

Sasa namna ya kuongea nao. Wakongwe usiwaite kikao. Ukiita kikao cha watu watatu wenye neno moja, wanatoka nalo limekuwa msimamo. Mfuate mmoja mmoja. Muulize: tangu 2016, umewahi kumwona akiacha mgonjwa? Amewahi kuchelewa zamu ya usiku? Mshipa ukikushinda unamwita nani? Kisha umkumbushe usiku ule ule wa uani, tochi ya simu, na nyumba ya wazazi iliyolala chini bila yeye kujua. Mkimbiaji wa sekunde chache alisimama mpaka alfajiri, akiwa na kila sababu ya kwenda kwao. Mimi ningetaka mjukuu wangu njiti aangaliwe na mtu huyo.

Lile jina likomeshe. Wewe ni msimamizi, unaweza. Anza na wanafunzi, kwa sababu wao hawana kinyongo, wameokota tu. Mkubwa akilitumia mbele yako, mwite kando umwambie jina la mtumishi liko kwenye daftari la zamu, alisome. Ukicheka kidogo, au ukanyamaza ukijifanya hukusikia, umelipiga muhuri.

Kabla ya yote lakini, umemuuliza mwenyewe? Katika barua yako yote yeye hasemi neno hata moja. Umetueleza mama wa mtoto, wakongwe, mganga mfawidhi, mume wako. Huenda uongozi hautaki. Huenda ameomba kukaa chumba cha njiti miaka yote hii kwa sababu zake, na angependa aachwe na vitoto vyake bila makaratasi. Mwite umuulize, na akikataa uheshimu.

Siku hiyo hiyo mwambie ya miguu yako.

Wakongwe hawana haki ya habari hiyo, na kikao kile cha makofi kilishapita. Sikushauri usimame tena mbele ya watu kuwarudishia makofi yao. Lakini yeye anastahili kujua. Ameishi miaka hii akiamini kwamba chumba kile kilikuwa na simba mmoja na sungura mmoja, na sungura ni yeye. Mwambie kwa maneno machache, mkiwa wawili, chai ikiwa mezani: "Siku ile sikubaki kwa ujasiri. Nilishindwa kusimama." Halafu nyamaza. Usilie ili akubembeleze, maana zamu ya kubembelezwa si yako. Akikasirika kwamba umekaa kimya muda wote huo, ana haki, mvumilie. Akitaka kumtafuta yule mama wa kanga amwombe radhi, msindikize.

Umeuliza kama unaumwa. Kuhisi sakafu inasogea wakati imetulia ni jambo linalojulikana. Wajapani walilichunguza baada ya tetemeko lao kubwa la 2011, wakakuta watu wengi wanayumba wakiwa wamekaa tu. Sehemu za sikio la ndani zinazotunza mizani, macho na hofu vinakosa kuelewana. Kuna kijidawa rahisi: weka glasi ya maji mezani. Ukihisi mtikisiko, yatazame maji. Yakiwa yametulia, macho yanaupa mwili habari na unashuka taratibu.

Lakini kwa wengi hali hiyo hupungua kadiri miezi inavyokwenda. Yako imekaa muda mrefu, na inakuamsha usiku umeshika ubao. Hiyo inahitaji mtu wa afya ya akili, kama ambavyo ungempeleka mgonjwa wako bila kusita. Ukiona haya kupanga foleni hospitali unayofanyia kazi, panda basi uende nyingine. Pima na presha, damu, na masikio pia, tusije tukamsingizia tetemeko ugonjwa mwingine. Mumeo anakupenda, ila "sahau" si dozi. Mwombe kitu anachokiweza: ukiamka akuwashie taa na kukuambia ni lori.

Ukishaongea na binti, jaza fomu. Andika miaka yake ya kazi chumba cha njiti, andika mafunzo aliyopata, andika kwamba wenzake humwita mshipa unapowashinda. 2016 usiitaje, hata kwa kumtetea. Fomu haina mstari unaouliza hilo.